Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa: kwa mama aliye wodini

Pole sana, mama. Unasema mwanao ameshatolewa mdomo wa utumbo nje ya tumbo ili choo kipitie hapo, na bado ana operesheni mbili, nawe unaogopa hata kumgusa. Mguse. Ule utumbo wenyewe hausikii maumivu ukiguswa. Kinachouma ni ngozi inayouzunguka ikichubuka. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe kwa kuigusagusa bila kusugua, kisha, ukikosa mifuko ya kubandika ya kukingia choo, paka mafuta mazito na uweke kitambaa safi. Utumbo ukiwa mwekundu na unyevunyevu, uko sawa. Ukigeuka wa bluu au mweusi, muite nesi hapo hapo.

Maziwa yakamue hata kama hajaruhusiwa kunyonya, karibu mara nane kwa siku, usiku pia, la sivyo yatapungua.

Muulize daktari kama moyo, figo na mgongo vimepimwa, maana tatizo hili mara nyingi huja na mengine. Kutengeneza njia na kurudisha utumbo ndani hufanywa kwa hatua, huenda ikachukua miezi. Gharama mwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla hamjauza kiwanja. Na baba mtoto naye ajifunze kumsafisha.