Nairobi hadi Dar na nduthi: malori hayakuniangusha, feri ndiyo iliniangusha

Watu wakisikia nilitoka Nairobi mpaka Dar na nduthi, yaani pikipiki, ya cc 150, wote wanauliza tu malori ya Mombasa Road. Sawa, malori yapo, ukiwa pande za Salama ama Sultan Hamud kuna moja itakupita ikuache ukipepesuka kama mtu ametoka baa. Lakini hizo kilomita karibu 480 hadi Mombasa sikuanguka hata mara moja. Nilianguka Likoni, pale feri inakuvusha kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda kusini, mwendo wa konokono, mbele ya umati wote unaongoja feri, na mama mmoja akasema kwa sauti "huyo wa bara huyo" na hakukosea.

Ni hivi. Pale unateremka mpaka kwa maji, halafu unapanda lile bamba la chuma ambalo feri inateremsha. Hiyo chuma imelowa maji ya chumvi, imekanyagwa na malori yanayovuja oili, na yenyewe inacheza cheza na mawimbi. Mimi nikaona gari mbele imesimama nikakamata breki ya mbele. Kwisha maneno. Kwa hivyo maliza kupunguza spidi ukiwa bado kwa lami, ingia na gia ya kwanza, breki ya mbele jifanye haipo, shika ya nyuma polepole na kama unaogopa weka miguu chini utembee nayo kama bata, hakuna atakayekucheka kuliko walivyonicheka mimi. Ukishaingia zima injini lakini acha gia ndani, halafu finya breki ya mbele uifunge na kipande cha blada, ile ile ya kufungia mzigo. Stendi ya pembeni peke yake kwa chuma yenye maji ni kujidanganya. Na usitoke hapo kwenda kupiga picha, simama ukiishika, safari yenyewe ni dakika chache tu.

Likoni mtu wa miguu halipi, pikipiki ndiyo inalipa. Ukiona hutaki hiyo stori yote siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, unapinda Miritini unatokea kusini bila kuona feri, ila mimi bado napenda kuvuka.

Kitu kingine hakuna mtu aliniambia ni kabureta. Nairobi tuko juu, mita 1,700 na kitu, na fundi wako ameiseti kwa hewa ya huku. Ukiteremka baharini hewa ni nzito zaidi, petroli inakuwa kidogo kwa hiyo hewa, injini inachemka na nguvu inakataa. Yangu ilianza kusumbua baada ya Voi nikadhani ni petroli mbaya. Fundi mmoja Mombasa akatoa plagi, ikawa nyeupe kama chaki, akacheka, akairekebisha dakika kumi. (Makindu pale hekalu la Kalasinga wanakulisha bure, simama hapo, pumzisha injini na wewe mwenyewe.)

Mpakani Lunga Lunga kuna manjano mbili usichanganye: kadi ya manjano ya COMESA ambayo ni bima ya pikipiki, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ambayo ni yako. Zote zitafute Nairobi mapema, ukifika huko bila karatasi na jua la saa saba utanunua chochote utakachoambiwa na mtu wa kwanza kukuita kaka. Logbook beba ile halisi, na kama si ya jina lako beba barua ya mwenyewe.

Ukitoka Tanga teremka Pangani, usikimbilie barabara kuu. Huko ni minazi na mashamba ya mkonge, na mimi nilipopita kulikuwa na mchanga wa kutosha kukufundisha adabu. Pangani mto unaingia baharini na unavuka kwenda Bweni, na hapo usiseme feri, sema kivuko, ukifika Dar utasikia pantoni. Hapo nilifanya kila kitu vizuri, blada, gia, mkono kwa usukani, nikajiona mtaalamu, kumbe mtu nyuma yangu alikuwa na mbuzi wawili na mmoja akala kamba ya begi langu. Dar yenyewe Kigamboni unaweza kuvuka kwa pantoni ama upite daraja lililofunguliwa 2016. Mimi nilienda na pantoni nikarudi na daraja, nilikuwa nimetosheka na chuma.

Kila jioni, kuondoa chumvi na mchanga, mwaga maji ya kawaida yasiyo na chumvi kwa cheni, spoku na chini ya injini, kisha oili. Mimi nilifanya siku mbili za kwanza nikachoka. Nilipofika nyumbani fundi wangu akafungua kava ya cheni, mchanga ukamwagika kwa gunia lake, akaniangalia akauliza kama nilikuwa naendesha ama nilikuwa navua samaki.