Kifua kimegonga usukani, nje hakuna jeraha: kwa nini alazwe?

Mkuu, pole sana kwa ajali ya mdogo wako. Unauliza kwa nini wamemlaza wakati kifua hakina hata mchubuko na anaongea vizuri, na kama unaweza kuondoka naye leo. Mimi ni muuguzi wa dharura kwa miaka mingi. Nakuomba mwache.

Moyo umekaa nyuma tu ya mfupa wa kidari. Usukani ukigonga pale, ngozi inaweza kubaki safi na huku msuli wa moyo umevilia damu. Ndiyo maana anapimwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na damu yake inapimwa troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia. Vyote vikiwa sawa na presha imetulia, hofu kubwa inaondoka. ECG ikiwa na kasoro, anakaa kwenye monita saa 24 hadi 48, maana mapigo yanaweza kuvurugika baadaye.

Kuna kijana simsahau. Aliingia akitembea mwenyewe, analalamika tu kifua kinabana. Namba ya juu ya presha yake ilikuwa 110. Baada ya dakika 20, 84. Nikadhani anavuja damu tumboni. Kutazama shingo, mishipa imetuna kama kamba, ilhali aliyepoteza damu mishipa yake hunywea. Daktari akaweka ultrasaundi chini ya kidari: weusi umeuzunguka moyo. Damu ilikuwa imejaa kwenye mfuko unaoufunika moyo, moyo hauna nafasi ya kutanuka. Tukampa dripu kiasi, dawa ya usingizi ikasubiri mpaka mpasuaji awe tayari kabisa, kwa sababu hapo presha huweza kuporomoka ghafla. Kifua kikafunguliwa. Kunyonya kwa sindano kungemvusha dakika chache tu, maana damu ya ajali mara nyingi huwa imeshaganda. Alipona.

Na mtu akipigwa mpira kifuani akaanguka papo hapo, hapumui, anza kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwenzako alete mashine ya kushtua moyo. Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Marekani, alianguka hivyo Januari 2023 baada ya kugongwa kifuani, akahudumiwa palepale uwanjani, na leo yu hai.

Leo usiku kaa naye. Akitoka jasho la baridi, akihema, au shingo ikianza kutuna, usingoje daktari apite wodini. Mwite muuguzi hapo hapo.