Mdiria ana samaki mdomoni ila hamli, shida nini?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi huwa natoka alfajiri giza bado lipo naenda kuvua mtoni kwa mshipi, nakaa juu ya ukingo mmoja umesimama kama ukuta. Sasa wiki ya pili hii kuna mdiria anakuja na samaki mdomoni, anatua kwenye tawi mbele yangu anapiga kelele weee, samaki mwenyewe hamli, anaondoka, anarudi. Na mimi siku hizi sipati kitu. Ananifukuza? Halafu pembeni kuna nyasi zimelala kama njia mpaka majini, ni za nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hakufukuzi, anakuomba upishe. Kesho mwangalie vizuri, mdiria akitaka kula mwenyewe anamgongagonga samaki kwenye tawi halafu anammeza kichwa kwanza, ila ukiona kichwa cha samaki kimeelekea nje ujue anampelekea mwenzake au makinda, na makinda wa mdiria hawakai mtini, wako ndani ya shimo kwenye udongo wa ukingo uliosimama, yaani kama huo huo unaoukalia! Ukiona tundu la duara na chini yake michirizi myeupe ya kinyesi, basi umekaa juu ya dari lao na watoto wanashinda njaa asubuhi nzima. Kwakweli imeniuma.

Hama, hata hatua 50 hivi, na wewe mwenyewe utafaidika maana pale juu samaki anakuona mwili mzima kwenye anga, na ukikanyaga tu mtikisiko unashuka majini anauhisi kwa ule mstari wa ubavuni. Tafuta sehemu ya chini yenye matete, chuchumaa, tulia. Ila usichague maji yaliyosimama yenye majani mengi, usiku mimea nayo inatumia oksijeni bila kutengeneza nyingine, kwahiyo alfajiri ndo imepungua kabisa na samaki wengi wanakuwa wazito kula, jaribu yale yanayopita kwenye mawe au subiri jua lipande kidogo.

Hizo nyasi sasa, kama mto wenu una viboko usicheze nazo. Kiboko anakula nchi kavu usiku, anaweza kumaliza kilo 40 za nyasi, na muda huo unaofika wewe ndo anarudi majini, akikukuta katikati ya njia yake na maji hazunguki, anapita na wewe. Mamba pia anapenda kulalia sehemu kama hizo. Kaa mbali nazo, na usitembee ukingoni kabla hujaona vizuri mbele.

Ukishahama endelea kuliangalia lile tawi, kama shimo lipo hautakaa sana utamuona anaingia na samaki wake, anatoka mdomo mtupu.