Maswali na majibu: Bunduki ya dola 600 na ile ya dola 6,000

Msimu wa kuwinda unakaribia, na barua karibu zote zimeuliza jambo moja: je, pesa hununua shabaha? Nimechagua chache.

Fundi, niko Boise, Idaho. Nimenunua Ruger American kwa dola 600 hivi. Jirani yangu ana bunduki aliyotengenezewa na fundi kwa dola 6,000, na ananicheka. Nitaaibika porini?

Huaibiki, ndugu yangu. Walenga shabaha hupima mtawanyiko wa risasi kwa MOA, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Kwa yadi 100 hiyo ni kama inchi moja, kwa yadi 200 inchi mbili. Ruger yako, ukishaipatia risasi inayoipenda, itaweka matundu yake ndani ya inchi moja, au moja na nusu, kwa yadi 100. Ya jirani itaweka ndani ya nusu inchi. Sasa mpeleke huyo jirani mbele ya kulungu. Eneo la moyo na mapafu lina upana wa inchi nane hivi. Kwa yadi 200 yako inatawanya inchi tatu, yake moja. Wote mmekula nyama.

Mwambie mwende uwanjani mpige mkiwa mmepiga goti, bila benchi wala mfuko wa mchanga. Hapo mtakaopimwa ni nyinyi, na bunduki mtaisahau. Halafu kuna upepo. Upepo wa maili 10 kwa saa ukitoka ubavuni huisukuma risasi ya .308 (namba hiyo ni kipenyo chake kwa inchi) inchi sita au zaidi kwa yadi 300, na hauulizi bunduki ilinunuliwa kwa bei gani. Hizo dola 5,400 ulizobakiza zitoe darubini nzuri na risasi za mazoezi za kutosha.

Baba mkwe wangu anasema enzi zake bunduki ya dukani ilibidi kwanza ipitie kwa fundi ndipo ilenge vizuri. Nini kimebadilika?

Mzee hasemi uongo. Fundi wa wakati ule alikuwa na kazi ya kweli. Aliinyoosha sehemu bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) inapofungia, ili masikio yake yashike sawasawa pande zote, akakata upya chemba (tundu inamokaa risasi) ikae kwenye mstari mmoja na mtutu, akamimina gundi ngumu kwenye kitako ili chuma kisichezecheze ndani ya mbao.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo leo inafanywa na mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta. Mitutu mingi ya kiwandani hufuliwa kwa nyundo: bomba la chuma huvalishwa juu ya fimbo ngumu yenye misokoto (mifereji ya kuizungusha risasi) iliyochongwa kinyume, nyundo zinaligonga kutoka nje, na baada ya dakika chache mtutu una misokoto yake ndani. Wajerumani walianza ufundi huo kabla ya Vita Kuu ya Pili, walipotaka mitutu ya bombomu kwa wingi.

Ila mimi ninayoipenda zaidi ni nati ya Savage, kiwanda cha Marekani. Kwenye bunduki nyingine fundi lazima akate bega la mtutu kwenye mashine ya kukereza kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya inchi, ili ganda la risasi likae kwenye chemba bila kulegea wala kubanwa. Savage 110, iliyotoka mwaka 1958, inafanya hivi: unaweka geji (kipimo cha chuma chenye umbo la ganda) ndani ya chemba, unaskurubu mtutu mpaka uiguse geji, kisha unaufunga kwa nati. Basi. Spana na geji vimefanya kazi ya mtu mwenye miaka ishirini ya ufundi. Ndiyo maana bunduki hizo zilikuwa rahisi, zenye sura mbaya, na zinazolenga kuliko nyingi zilizozipita bei.

Kisha vifyatulio. Viwanda vya Marekani viliogopa mashtaka, vikaviweka vizito, vingine vikitaka nguvu ya ratili sita au saba. Ukivuta uzito huo unaisogeza bunduki yenyewe. Savage walitoa kifyatulio chepesi chenye ulimi wa usalama katikati mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wenzao wakafuata.

Boksi la Weatherby Vanguard yangu linaahidi chini ya MOA moja. Mbona mimi napata inchi moja na robo?

Soma ahadi hadi mwisho. Inasema risasi tatu, mtutu ukiwa baridi, kwa risasi za Weatherby au za daraja la juu. Wewe umepiga ngapi? Kama ni tano, huenda bunduki yako haina kosa lolote. Bunduki ambayo kwa wastani hutawanya risasi tatu ndani ya inchi 1, itatawanya tano ndani ya inchi 1.3 hivi, na kumi karibu na 1.6. Ni hesabu tu: kadiri unavyopiga zaidi, ndivyo ile moja iliyokwenda kando inavyopata nafasi ya kujitokeza. Anayekuonyesha karatasi yenye matundu matatu yaliyogusana, mwombe za siku nzima. Hazipo, amezitupa.

Winchester 70 za kabla ya 1964 zilikuwa na shabaha kuliko za sasa?

Hapana. Zinapendwa kwa kucha yake inayolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, na kwa kazi ya mikono.

Shikamoo Fundi. Mjomba wangu wa Arusha alikuwa msoma nyayo kwa wawindaji wa kitalii. Anasema baadhi ya wageni walibeba bunduki za mitutu miwili kutoka London, bei ya nyumba. Hizo ndizo zinazolenga kuliko zote?

Marahaba. Hapo ndipo utacheka: kwenye karatasi, Tikka ya kiwandani kutoka Finland inazishinda. Mitutu hiyo miwili imeunganishwa kwa lehemu. Fundi hupiga, akayeyusha lehemu, akaisogeza mitutu kidogo, akapiga tena, mpaka yote miwili ipige pamoja kwa umbali mfupi na kwa aina moja tu ya risasi. Badilisha risasi, mitutu inaachana.

Mgeni hakununua mtawanyiko mdogo. Mbogo akitoka kichakani hatua ishirini mbele yako, risasi ya pili iko tayari bila kugusa bolti, na kila mtutu una mtambo wake, mmoja ukigoma mwingine upo. Nakshi ni juu ya hapo. Mpya ya mafundi wa London, Holland & Holland huvuka paundi 100,000. Risasi yao ya .375 waliyoitoa mwaka 1912 leo inapigwa na bunduki za kiwandani, na wawindaji wengi wa kulipwa hubeba hizo.

Niache risasi za dukani, nitengeneze zangu kwa kupakia baruti kwenye maganda mwenyewe?

Kwanza jaribu aina nne au tano za dukani. Tofauti kati ya ile bunduki inayoipenda na inayoichukia mara nyingi ni kubwa kuliko utakachopata kwa kubadili mtutu.

Basi bunduki ya kuagiza kwa fundi inamfaa nani?

Ni ya wanaoshindana wakiwa wamekaa benchini, ambako kundi la risasi tano lenye upana wa robo inchi kwa yadi 100 halimshindii mtu kitu. Ni ya wanaopiga yadi 800 na zaidi, maana mtutu uliokatwa vizuri na kusuguliwa ndani kwa mkono hauhamishi shabaha ukipata moto, kama ule mwembamba wa kiwandani unavyofanya kuanzia risasi ya nne au ya tano. Pia ni ya mwenye mikono mifupi au bega lisilokaa na kitako chochote cha dukani. Na ya anayeipenda tu, sina ugomvi naye. Ila mitutu ya mashindano huchakaa upesi, kwa hiyo ukiagiza, muulize fundi bei ya mtutu wa pili kabla hujalipa wa kwanza.