Alikiri, na Alijua Panga Lilikofichwa

SWALI: Ninasaidia watu kisheria hapa Kondele, Kisumu. Kijana wa miaka 19 anasema alikiri ili tu aachwe alale. Lakini ungamo lake linataja rangi ya shuka na choo lilimotupwa panga. Asiye na hatia angeyajuaje?

JIBU: Kwa kuambiwa, na pengine aliyemwambia hakujua kwamba amemwambia. Brandon Garrett, mtafiti wa Marekani, mwaka 2010 alichambua maungamo 40 ya watu waliosafishwa na DNA. Katika 38, polisi walidai mshukiwa alitoa siri ambazo mhalifu pekee angezijua. Siri hizo hupenya kupitia swali ("Panga ulilitupa chooni, sivyo?"), picha, au ile safari ya kwenda "kuonyesha mahali".

Basi chora safu mbili. Ya kwanza andika kila jambo lililo katika ungamo. Ya pili, saa polisi walipolijua, kwa kufuata OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), ripoti ya daktari na maelezo ya mashahidi. Panga likiwa limeopolewa jana yake, kulitaja leo hakuthibitishi lolote. Lenye uzito ni lile ambalo polisi hawakulijua, likaja kuthibitika. Tafuta pia makosa: ungamo likirudia dhana ya polisi ambayo daktari aliikanusha baadaye, umeshajua maneno ni ya nani.

La usingizi msilipuuze. Drizin na Leo, watafiti wa Marekani, mwaka 2004 walikusanya maungamo 125 ya uongo. Pale muda ulipojulikana, mahojiano yalichukua wastani wa zaidi ya saa 16.

Kisha kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi. Ungamo la nje ya korti hurekodiwa na ofisa asiye mpelelezi wa kesi hiyo, wa cheo cha Inspekta au zaidi, mbele ya mtu aliyechaguliwa na mshukiwa. Aliyechaguliwa, si aliyeletwa! Kanuni za 2009 za maungamo ya nje ya korti zinagusa pia lugha, chakula na usingizi. Kiingereza laini kinywani mwa kijana anayejua Kijaluo tu kina maswali. Wakili apinge kabla ungamo halijasomwa, ili isikizwe kesi ndani ya kesi, yaani korti iamue kwanza kama ungamo likubaliwe. Hapo mzigo wa kuthibitisha kwamba lilitolewa kwa hiari ni wa upande wa mashtaka.

SWALI: Akizuiliwa saa 30, ungamo linafutika lenyewe? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana. Kwanza hesabu: mshukiwa hufikishwa kortini ndani ya saa 24, lakini zikiishia wikendi, hufikishwa siku ya korti inayofuata. Haki ikiwa imevunjwa kweli, Kifungu cha 50(4) cha Katiba huondoa ushahidi pale tu unapoharibu usawa wa kesi au kudhuru utoaji haki. Wakili aonyeshe madhara hayo.