Wafuasi elfu kumi na mbili, mauzo hakuna

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Morogoro, anatengeneza batiki. Ameandika kwa heshima zake zote, lakini uchungu unaonekana. "Dada, Instagram nina wafuasi elfu kumi na mbili. Picha wanazipenda, makopa wanaweka, lakini wiki inakatika sijauza hata kitambaa kimoja. Wewe mwenzangu unafanyaje?"

Nikaingia kwenye ukurasa wake. Kazi yake ni nzuri, rangi zimekaa, picha kapiga mchana kweupe. Ila chini ya kila picha kaandika "Bei inbox". Namba ya simu hakuna. Alipo hajasema, hata mtaa. Mdogo wangu, nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu ujumbe kama wako naupata kila mara, na sote tunaosoma hapa tunataka kitu kimoja: biashara itoke kwenye meza iingie dukani, ikishaingia dukani ivuke mkoa.

Mimi nauza viungo Tanga, Ngamiani. Iliki, mdalasini na pilipili manga nachukua Muheza, huko juu upande wa Amani, kwa wakulima ninaowajua kwa majina na mashamba yao nimeyakanyaga. Nilianza na meza barazani kwa shangazi yangu. Leo viungo vyangu vinapanda basi kwenda Mwanza, Mbeya na Dodoma, na kuna mama ntilie wa Dar es Salaam ambaye tangu aonje masala yangu ya pilau hajanunua kwa mtu mwingine. Hilo najivunia na sitalificha, maana hakuna aliyenipa mtaji wala aliyenishika mkono. Mambo ya TIN, ile namba ya mlipakodi, na leseni siyasemi leo, hayo kafuate ofisini kwao watakuelekeza.

Sasa sikiliza nilivyompata mteja wangu wa kwanza wa Mwanza. Aliona picha ya iliki, na chini yake nilikuwa nimeandika: gramu 50, shilingi 5,000, nipo Tanga, namba hii hapa. Akanitumia sauti WhatsApp: "Dada, isije ikawa ile iliyopauka, ukipasua ndani vumbi tupu." Sikumwandikia maneno mengi. Nilichota iliki kwenye ungo, nikasogea dirishani, nikachukua punje moja nikaipasua kwa kucha mbele ya kamera. Zile mbegu nyeusi zikatokea, zimeshikana, bado zina ule unato wake. Nikapasua ya pili, na ya tatu. Video yenyewe fupi tu. Hela ikaingia kabla sijarudisha ungo mahali pake. Jioni nikapeleka mzigo ofisi ya basi, nikampigia picha risiti pamoja na namba ya gari, nikamtumia. Yule mama mpaka leo ni mteja wangu, na ameniletea dada zake na majirani zake.

Angalia kilichomfanya anunue. Alijua bei, alijua nilipo, akauliza akajibiwa, akaonyeshwa. Wafuasi wangu wakati ule hawajafika hata elfu moja.

Hii "bei inbox" inatumaliza, jamani. Mteja yuko kitandani usiku, bando lake la mwisho, mtoto kamlalia mkononi. Umemlazimisha akuandikie, asubiri, halafu umjibu kesho saa sita mchana kwa neno moja, "ipo". Atakuwa ameshanunua kwingine. Najua mnachoogopa, mnasema washindani wataona bei. Anayeuza kama wewe bei yako anaijua tangu zamani, asiyeijua ni mteja. Andika bei. Ikipanda, badilisha uandike mpya.

Na hao wafuasi mnaowatafuta usiku na mchana, mimi nina kidonda changu. Niliwahi kumlipa mtu mwenye jina kubwa mitandaoni atangaze viungo vyangu. Tulikubaliana tangazo likae siku nzima. Kalipandisha usiku wa manane, watu wamelala, na nilipoamka alfajiri halipo. Nilimpigia hakupokea, nikaandika akasoma akanyamaza. Watu wachache walionijia kutoka kwake walikuja kuuliza kama nampa viungo bure. Hela ile ilikuwa ya gunia la mdalasini. Sikurudishiwa.

Wateja wangu wa kudumu nimewapata WhatsApp. Chukua ile WhatsApp Business, ipo tangu mwaka 2018 na haikugharimu kitu. Mle ndani kuna katalogi: unapanga bidhaa, picha na bei, mteja anatazama mwenyewe hata kama wewe uko msibani. Weka salamu ya kujijibu ikiwa duka limefungwa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: staitasi yako kwa kawaida haionekani kwa mtu ambaye hajasevu namba yako, na ule ujumbe wa pamoja unaowatumia watu mpaka 256 kwa mkupuo haumfikii asiyekusevu. Kwa hiyo unaweza ukahangaika kupandisha staitasi kutwa, na waliokupa hela mwezi uliopita hawaoni chochote. Mimi kila pakiti ina karatasi: "Nisevu kwa namba hii, Ramadhani nitakupa bei ya mapema." Wanasevu. Shaabani ikiingia tu, oda zinaanza.

Jingine, jiweke kwenye ramani ya Google. Ni bure, watakutaka uthibitishe kwamba duka lipo kweli, basi. Ngamiani barabara zetu zina namba, lakini mgeni anayetoka Arusha na gari lake hajui ya nane iko wapi na ya kumi na mbili iko wapi. Nina wateja walioandika tu "viungo Tanga", simu ikawaleta mpaka mlangoni. Wakishanunua naomba waandike maoni yao palepale. Saa za kufungua zikibadilika, rekebisha siku hiyohiyo.

Na andika namba za wateja kwenye daftari. Daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja saa zipatazo sita, dunia nzima. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikakatika, mtandao ukadorora siku kadhaa. Wenzangu walikaa wamejiinamia. Mimi nilifungua daftari nikapiga simu za kawaida, nikauza.

Lililoniuma kuliko yote nilitaka nisiliseme, lakini litawasaidia. Siku moja aliingia dukani mama mmoja kutoka Korogwe, simu mkononi, anatetemeka. Katuma shilingi 80,000 za viungo vya harusi ya bintiye na mzigo haukuja. Akaniita mwizi mbele ya wateja, na wapita njia wakasimama barazani kutazama. Akanionyesha ukurasa: jina la duka langu limeongezwa herufi moja, na picha ni zangu. Ungo wangu, na ile kamba ya bluu niliyoushonea ukingo. Nikamwomba tuangalie ujumbe wa muamala. Jina la mpokeaji ni la mwanamume nisiyemjua. Yule mama aliketi chini akalia, na mimi machozi yakanitoka. Nilimpa viungo vya shughuli kwa bei ya kununulia. Ule ukurasa tuliuripoti mimi na wateja wangu, kila mmoja kwa simu yake, mpaka ukaondolewa. Lakini wapo waliosikia nusu ya kwanza ya habari tu, na hao nikikutana nao sokoni naona wanavyoniangalia.

Tangu siku ile kila tangazo langu lina Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea hela kwa simu, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu kabla mteja hajaweka namba ya siri. Akaunti zangu zote nimewasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ulinzi wa ziada mtu anapotaka kuingia, na zile tarakimu sita za kuingilia zinazokuja kwa ujumbe simtajii mtu, hata ajiite nani. Video napiga nikiongea mwenyewe, mkono na sauti vyangu, kwa sababu picha tupu mtu yeyote anaichukua. Fanyeni hivyo leo, msisubiri yawakute. Nanyi wanunuzi mnaonisoma, someni jina kabla ya kubonyeza. Likija jina jingine, hata kama picha ni zangu, rudisha hela yako mfukoni unipigie kwanza.