Maswali ya wasomaji: kodi ya kanisa, na Jumapili isiyotaka kelele

Mhariri, salaam. Mimi ni Mlutheri wa Machame, muuguzi hapa Leipzig, Ujerumani. Siku ya kuandikisha makazi niliulizwa dini, nikajaza "evangelisch", yaani Mprotestanti. Sasa kila mwezi slipu ya mshahara inaonyesha nimekatwa euro 31.50 za Kirchensteuer, kodi ya kanisa. Nyumbani tunatoa kwa bahasha ya ahadi, tena kwa hiari. Hii ni halali? Nikijitoa, nitakuwa nimeukana ubatizo?

Ni halali, ndugu yetu, na neno lile ulilojaza ndilo lililokuingiza. Mlutheri anayetoka nje akijitambulisha hivyo anapoandikisha makazi, anahesabiwa mshirika wa kanisa la eneo analohamia. Haki ya makanisa kutoza kodi ilikuwamo katika katiba ya Ujerumani ya 1919, iitwayo ya Weimar, nayo Katiba ya 1949 ikaiendeleza. Idara ya kodi hukusanya kwa niaba ya kanisa.

Wengi hushtuka wakidhani asilimia 9 inatoka kwenye mshahara. Sivyo. Ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, na kwa majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg ni 8. Ukikatwa 31.50, kodi yako ya mapato mwezi huo ni euro 350. Ungekuwa München, huko Bavaria, kodi hiyohiyo ingekutoa euro 28. Mwanafunzi ambaye kipato chake hakifikii kiwango cha kutozwa kodi ya mapato (mwaka 2025 kilikuwa euro 12,096 kwa mtu asiye na mwenzi) kwa kawaida hakatwi kitu. Na ukijaza ritani ya mwaka, andika kiasi chote ulichokatwa kwenye fomu ya Sonderausgaben, yaani matumizi maalumu. Kinapunguza kipato kinachotozwa kodi. Wageni wengi hawaijazi, fedha yao inabaki hukohuko.

Kujitoa kunafanyika serikalini. Kumwambia mchungaji hakutoshi. Huko Saxony, jimbo lako, nenda Standesamt, ofisi ya vizazi, ndoa na vifo; Berlin ni mahakama, Amtsgericht. Beba pasipoti na hati ya makazi, ujiandae kulipa ada. Barua pepe haikubaliki: ufike mwenyewe, au saini yako ithibitishwe na mthibitishaji. Cheti utakachopewa kitunze maisha yako yote, kwa sababu unaweza kutakiwa kukionyesha miaka mingi baadaye, umeshahamia mji mwingine.

Ubatizo haufutiki. Kinachokwisha ni ushirika, na hapo pana gharama: huwezi kuwa msimamizi wa ubatizo, wala kupiga kura ya wazee wa kanisa. Kwa Mkatoliki ni zito zaidi, maana tamko la maaskofu la 2012 linamzuia hata kupokea komunyo. Na wewe muuguzi, angalia kwanza mwajiri wako ni nani. Hospitali ikiwa ya Diakonie au Caritas, mashirika ya huduma ya Waprotestanti na ya Wakatoliki, kujitoa kunaweza kukugharimu ajira. Usome mkataba kabla ya kupanga foleni Standesamt.

Wapo wanaoshauri kuandika "hakuna" tangu mwanzo. Tunalipinga shauri hilo. Si kweli, na barua ya kuuliza kama ulibatizwa inaweza kukufikia baadaye, ukadaiwa na kodi ya nyuma. Tena wamisionari wa Leipzig ndio walioingia Machame mwaka 1893. Nenda ibadani, uliza fedha yako inafanya nini. Una haki kamili ya kuuliza.

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, niko Köln. Niliandikwa sina dini. Nimefanya kosa?

Hapana, dada. Daftari la makazi linahitaji hasa kujua jumuiya zinazotoza kodi kupitia serikali, na misikiti haitozi. Imani yako haikuguswa. Lakini Idi si sikukuu ya taifa huko: omba likizo mapema, ukieleza kwamba tarehe inategemea mwezi.

Jirani alinigongea mlango Jumapili kwa sababu nilikuwa natoboa ukuta nitundike pazia. Mbona kengele za kanisa zinapigwa?

Kengele zina ulinzi wa kisheria, keekee haina. Ile ile katiba ya 1919 ndiyo inayoilinda Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Mashine ya kukata nyasi kwenye makazi ni marufuku siku nzima. Chupa usizitupe kwenye kontena la vioo. Saa zimeandikwa ubavuni mwake, na Jumapili haimo. Mashine ya kufulia inategemea kanuni za nyumba, zilizobandikwa ngazini au kuambatishwa na mkataba wa pango.

Maduka yamefungwa pia, isipokuwa vituo vya mafuta, yale ya vituo vya treni, na maduka ya mikate kwa saa chache. Pasaka ndiyo inayowakamata wageni: Ijumaa Kuu yamefungwa, Jumapili na Jumatatu yamefungwa. Nunua Alhamisi. Jumamosi foleni ya dukani inafika hadi kwenye rafu za maziwa.